Kuchagua mtungi wa hewa wa peintiboli: anzia uwanjani, siyo dukani

Mgeni wa peintiboli, mchezo wa kupigana kwa bunduki zinazorusha gololi za rangi, huiwaza bunduki tu. Ataisomea, ataiulizia, atailinganisha na nyingine kumi, kisha akifika kwenye mtungi wa hewa anachukua wowote uliopo rafuni, mradi una namba kubwa. Mimi huwashauri watu wafanye kinyume. Bunduki mbovu itakuharibia siku. Mtungi mbovu unaweza kumwondolea mtu mkono. Tairi la gari dogo hubeba psi 30 na ushee (psi ni kipimo cha presha, pauni kwa inchi ya mraba), na sote tunakijua kishindo chake likipasuka. Mtungi wa peintiboli hubeba psi 3,000 au 4,500, nao hukaa sentimita chache tu kutoka shavuni mwako.

Tusitishane, hata hivyo. Mtungi uliotengenezwa sawasawa, ukapimwa kwa wakati na kujazwa kwa utaratibu, ni kifaa salama. Kuna watu wanautumia kila wikendi, miaka nenda miaka rudi, bila tatizo lolote. Kinachotakiwa ni kuufuata mpangilio, na mpangilio huo unaanzia mahali ambapo wengi hawapafikirii: kwenye uwanja utakaochezea.

Kabla ya yote: ni hewa au ni CO2?

Mchezo wa kwanza wa peintiboli ulichezwa tarehe 27 Juni 1981 huko Henniker, New Hampshire, Marekani, kwa bastola zilizotengenezwa kwa ajili ya kutia alama miti na ng'ombe. Bastola hizo ziliendeshwa na vichupa vya kaboni dayoksaidi vya gramu 12. Kwa miaka mingi CO2 ndiyo iliyotawala, na hadi leo utakuta mitungi yake sokoni, hasa ya mtumba.

CO2 hukaa mtungini kama kimiminika, na presha yake hufuata hali ya joto. Kwenye nyuzi 21 za Selsiasi ni karibu psi 850. Kukiwa na baridi hushuka, jua likiwaka hupanda. Ukifyatua mfululizo, kimiminika kinapogeuka gesi hunyonya joto, mtungi unakuwa baridi kama barafu, presha inaanguka na gololi zako zinaanza kudondoka mbele ya miguu yako. Mara nyingine kimiminika chenyewe huingia ndani ya bunduki na kuharibu oringi, yaani vile vipete vya kuzuia hewa isivuje, na vifaa vya umeme. Hewa iliyoshindiliwa haina vituko hivyo. Inakaa kama gesi, inatoka ikiwa imepunguzwa na regyuleta, kifaa cha shingoni mwa mtungi kinachodhibiti presha, hadi kiwango kilekile kila mara, na gololi ya kwanza na ya mia mbili hutoka kwa kasi zinazokaribiana. Wakongwe wengine bado huuita mtungi huu "nitro", kwa sababu zamani ulijazwa nitrojeni. Siku hizi ni hewa hii hii tunayoivuta, ikiwa imechujwa na kukaushwa.

Kama bunduki yako inakubali vyote viwili, chukua hewa. Na shika hili moja: mtungi wa CO2 haujazwi hewa ya presha kubwa hata siku moja, wala mtungi wa hewa haujazwi CO2. Mtungi wa CO2 wa alumini kwa kawaida umeundwa kwa psi 1,800. Kuusukumia hewa ya psi 3,000 ni kuuomba upasuke.

Hatua ya 1: Uliza uwanja wako unajaza hadi wapi

Piga simu au nenda ukaangalie mwenyewe. Swali ni moja: mnajaza hadi psi ngapi? Kuna viwanja vinavyofika 4,500 bila shida, na vingine mwisho wao ni 3,000, ama kwa sababu kompresa yao ndiyo imeishia hapo, ama kwa sababu wanajazia kutoka kwenye mitungi mikubwa ya wapiga mbizi, ambayo mingi yake ni ya bar 200 au 232 (bar ni kipimo kingine cha presha; bar 200 ni karibu psi 3,000). Tena usiishie kwenye namba iliyobandikwa ukutani. Waulize wachezaji wa pale, saa tisa alasiri geji husoma ngapi? Uwanja unaojaza kutoka kwenye mitungi ya akiba unaweza kuwapa wa asubuhi 4,500, halafu wa mchana wakaondoka na 3,500, kwa kuwa akiba imekwisha kunyweka.

Jibu la swali hili ndilo linaloamua nusu ya mambo. Ukiwa na mtungi wa 4,500 mahali panapojazwa 3,000, mtungi hautaharibika, lakini theluthi nzima ya nafasi uliyoilipia inakaa bure. Kinyume chake ndicho cha hatari, na nitakirudia huko mbele.

Uliza pia kama wanakagua tarehe za mitungi kabla ya kujaza. Wakisema ndiyo, hapo pana watu makini. Wakisema hawaangalii, jua kwamba mtungi wa jirani yako kwenye foleni haujaangaliwa na mtu.

Hatua ya 2: Zijue namba mbili

Mitungi huitwa kwa namba mbili, mfano 48/3000 au 68/4500. Ya kwanza ni ujazo wa ndani kwa inchi za ujazo, ya pili ni presha ya juu kabisa inayoruhusiwa, kwa psi. Ulaya utakuta lita na bar: 48 ni karibu lita 0.8, 68 ni lita 1.1, na 77 ni lita 1.25 hivi. Psi 3,000 ni karibu bar 200, na 4,500 ni kama bar 300.

Namba ya pili ndiyo inayokuonyesha mtungi umetengenezwa kwa nini. Wa 3,000 kwa kawaida ni alumini tupu: mgumu, mzito kwa ukubwa wake, na bei yake ndogo. Wa 4,500 una ganda jembamba la alumini ndani, kisha umezungushiwa nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi ngumu. Ndiyo maana mtungi mkubwa wa kaboni unaweza kuwa mwepesi kuliko mdogo wa alumini. Shika 48/3000 ya alumini mkono mmoja na 68/4500 ya kaboni mkono wa pili, utashangaa: wa kwanza unakaribia kilo moja na nusu, wa pili ni kilo moja na kidogo, na bado wa pili una hewa mara mbili.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya gololi zako

Wachezaji wana hesabu yao ya haraka. Chukua ujazo kwa inchi, zidisha kwa 10 kama mtungi ni wa 3,000, au kwa 15 kama ni wa 4,500. Utapata idadi ya gololi unazoweza kutarajia. Kwa hiyo 48/3000 inakupa kama 480, 68/4500 kama 1,020, na kile kidogo cha 13/3000 kama 130. Si namba za kuapia, kwa sababu kuna bunduki zinazokula hewa na kuna zinazobana matumizi, lakini hazitakupeleka mbali na ukweli.

Sasa jipime wewe mwenyewe. Kipakuzi cha kawaida juu ya bunduki kina gololi 200. Kopo la kubeba kiunoni lina 140. Ukiingia uwanjani na kipakuzi kilichojaa na makopo manne, umebeba 760. Mtungi wa 48/3000 utakuacha njiani ukiwa na makopo mawili kiunoni na bunduki inayokohoa. Lakini kama wewe ni mtu wa kunyemelea, unapiga gololi 150 kwa mchezo mzima na unarudi kujaza kila mapumziko, 48/3000 inakutosha kabisa na hakuna sababu ya kuongeza fedha.

Kuna jambo moja hesabu hiyo ya haraka inalificha, nalo nataka tulitazame kwa karibu. Huwezi kuimaliza hewa yote ya mtungini. Presha ndani ya mtungi ikishuka hadi kufikia ile inayotakiwa kutoka kwenye regyuleta, bunduki huanza kuishiwa nguvu, ingawa geji bado inaonyesha kitu. Chukua mtungi wa 3,000 ambao regyuleta yake inatoa 850. Kinachotumika ni 2,150, yaani kama asilimia 72. Sasa chukua wa 4,500 ambao regyuleta yake inatoa 450: kinachotumika ni 4,050, asilimia 90. Mitungi yote miwili ikiwa na ujazo uleule wa inchi 48, wa pili unakupa karibu mara mbili ya wa kwanza, wakati wengi hudhani ni mara moja na nusu tu. Ni kweli kwamba kwenye presha ya 4,500 hewa huanza kukaidi kushindiliwa, kwa hiyo punguza kama sehemu ya kumi kwenye hesabu yako. Hata ukipunguza, tofauti utaiona mchana wa kwanza tu.

Hatua ya 4: Linganisha presha ya kutoka na bunduki

Hapa ndipo watu wengi huchemsha. Presha ya kwenye geji ni ya ndani ya mtungi. Presha inayofika kwenye bunduki ni nyingine, na huamuliwa na regyuleta iliyofungwa shingoni mwa mtungi. Ziko mbili zinazoonekana zaidi: za psi 800 hadi 850, ambazo ndizo hukaa kwenye mitungi mingi ya bei nafuu, na za karibu 450.

Bunduki za kukodi, na zile za mitambo mitupu zinazojikoki kwa nguvu ya hewa, zinapenda 800. Ukizipa 450, nyundo hairudi nyuma vizuri, inagonga mara mbilimbili au inakwama, nawe utaanza kuifungua bunduki ukitafuta ugonjwa usiokuwepo. Bunduki za umeme zina regyuleta yao ndani, na nyingi hutulia zaidi zikipewa 450, kwa sababu regyuleta ya ndani haihangaiki kuikata presha kutoka mbali. Fungua kijitabu cha bunduki yako, tafuta mstari unaotaja presha ya kuingia, uufuate huo. Muuzaji akikwambia "zote ni sawa", mwombe akuonyeshe ilipoandikwa kwenye regyuleta.

Meno ya kufungia mtungi kwenye bunduki hayakuhangaishi, kwani yamekuwa ya aina moja karibu kila mahali. Yanayohitaji tahadhari ni yale ya regyuleta kuingia kwenye mtungi wenyewe. Mitungi ya Marekani hutumia meno ya inchi 5/8, na mingi ya Ulaya hutumia ya milimita 18. Hayo hayaoani. Usinunue regyuleta ya huku na mtungi wa kule ukidhani fundi ataviunganisha. Na kwa jumla, kuitoa na kuirudisha regyuleta kwenye mtungi si kazi ya mezani nyumbani. Mpe fundi wa mitungi.

Hatua ya 5: Ujaribu mkononi na begani

Mtungi kwenye bunduki nyingi ndio kitako chake, ndio unaokaa begani. Kwa hiyo urefu wake unabadilisha namna unavyolenga. Vaa barakoa yako, funga mtungi mtupu, inua bunduki kama unavyocheza. Mtungi ukiwa mrefu kupita kiasi, mkono wa mbele utanyooka kabisa na utakuwa unalenga kwa shingo iliyopinda. Mtungi ukiwa mfupi mno, bunduki itagongana na barakoa. Mtu wa kimo cha wastani hukaa vizuri na 68 au 77. Mtoto au mtu mdogo wa mwili hufurahia zaidi 45 au 48 ya kaboni, kwa sababu uzito wa nyuma hauivuti midomo ya bunduki juu. Kile cha 13 ni cha bastola na bunduki za kupampu.

Mtungi wa 90 sipendekezi kwa anayecheza kwa burudani. Ni mnene, unakuzuia kujificha, na hewa yake ya ziada utairudisha nyumbani.

Hatua ya 6: Soma shingo na stika, neno kwa neno

Ukibanwa na muda, ruka hatua zote lakini usiruke hii.

Kwenye mtungi wa alumini maandishi yamegongwa kwenye chuma chenyewe, juu karibu na shingo. Mtungi wa Marekani utasomeka DOT-3AL3000, kisha namba ya mtungi, kisha mwezi na mwaka wa kupimwa kwa mara ya kwanza. Ukiona TC na namba 207, hiyo ni alama ya Kanada na 207 ni presha kwa bar. Mitungi ya Ulaya ina alama ya π. Kwenye mtungi wa kaboni maandishi yako kwenye stika iliyozamishwa chini ya gundi, kwa hiyo huwezi kuibandua bila kuacha jeraha.

Unatafuta mambo matatu: presha inayoruhusiwa, tarehe ya kupimwa, na mwisho wa maisha ya mtungi. Kupimwa maana yake mtungi hujazwa maji na kushindiliwa kupita kiwango chake cha kawaida, wa 3,000 hadi 5,000, wa 4,500 hadi 7,500, kisha hupimwa umetanuka kiasi gani na umerudi kiasi gani. Maji hutumika kwa sababu hayashindiliki kama hewa, hivyo mtungi ukishindwa hautawanyiki. Marekani kipimo hiki kwa mitungi ya leo kwa kawaida ni kila miaka 5, ingawa iko mitungi ya kaboni ya zamani ambayo ilitakiwa kila miaka 3. Wa alumini unaendelea kutumika mradi unafaulu. Wa kaboni mara nyingi una kikomo cha miaka 15 tangu utengenezwe, halafu basi, hata ukionekana mpya. Nchi nyingine zina vipindi vyao, kwa hiyo fuata kilichoandikwa kwenye mtungi na sheria ya mahali ulipo.

Niliwahi kununua mtungi wa kaboni wa mtumba ambao mwenyewe alikuwa ameupaka rangi nyeusi ya kung'aa, mzuri wa kutamanisha. Nikaupeleka uwanjani. Kijana wa kujaza akaugeuza taratibu, akapitisha kidole gumba pale stika ilipopaswa kuwa, akaukwaruza kidogo kwa ukucha, kisha akanirudishia bila neno. Nilikasirika siku ile. Leo najua alinifanyia hisani. Rangi ile ilikuwa imefunika tarehe, na kama kulikuwa na mkwaruzo kwenye nyuzi, ilikuwa imefunika na huo. Kuna rangi ambazo vimiminika vyake huila gundi ya kaboni, na alumini ikiokwa kwenye tanuri ili rangi ishike hupoteza ugumu wake. Mtungi uliopakwa rangi na mtu binafsi usinunue. Muuzaji wa mtumba akikutumia picha, mwombe picha ya maandishi kwanza, kabla hujapoteza nauli.

Fanya pia hesabu ya miaka iliyobaki. Mtungi wa kaboni wenye miaka 12 unaouzwa nusu bei una miaka mitatu tu mbele yake, na katikati hapo huenda ukadai kupimwa tena. Mara nyingi mpya ndio nafuu.

Hatua ya 7: Kagua mwili wake kwa macho na kwa ukucha

Uvue mtungi soksi yake ya mpira, ile ya kuukinga, kama inayo. Pitisha ukucha polepole juu ya nyuzi za kaboni. Mikwaruzo ya juujuu kwenye gundi ni ya kawaida. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, ukiona nyuzi zimechomoza kama nywele, au ukiona doa jeupe lililofifia kama mahali palipogongwa, uache. Kwenye alumini tafuta bonde, mkato, au vishimo vya kutu nyeupe, hasa kwenye kitako.

Kisha tazama regyuleta. Utaona skrubu mbili zenye matundu ubavuni. Ndani yake kuna visahani vya usalama, ambavyo hupasuka na kuachia hewa presha ikizidi. Kimoja kinalinda upande wa kutokea hewa, kwa kawaida cha 1,800. Kingine kinalinda mtungi wenyewe: cha 5,000 kwa mtungi wa 3,000, na cha 7,500 kwa wa 4,500.

Hebu simama kwenye namba hiyo ya 5,000. Ukiupeleka mtungi wa 3,000 kwenye hozi inayotoa 4,500, kisahani hakitapasuka, kwa kuwa 4,500 haijafika 5,000. Hakuna kitakacholia, hakuna kitakachovuja, geji itapita kiwango na mtungi utabeba mara moja na nusu ya ulichoruhusiwa, kimyakimya. Kinachokulinda hapo ni jicho la anayejaza na mdomo wako. Kila ukimkabidhi mtu mtungi wa alumini, mwambie: "Huu ni wa elfu tatu." Mwambie hata kama anakujua.

Hatua ya 8: Siku ya kwanza ya kuujaza

Miwani ya kinga machoni, hata kama huchezi bado. Ondoa kofia ya nipeli ya kujazia, ifute kwa kitambaa kisafi kikavu. Kikavu, nasisitiza: tone la mafuta au grisi kwenye nipeli ni hatari, kwa kuwa hewa ikishindiliwa ghafla hupata joto kali na mafuta yanaweza kuwaka ndani ya mtungi. Kama unailainisha bunduki yako, fanya hivyo baada ya kujaza, siyo kabla, na usiweke kitu chochote kwenye nipeli.

Sukuma kichwa cha hozi hadi kisikike "tak". Fungua hewa kidogokidogo. Mshale wa geji upande kama mshale wa saa ya ukutani, usiruke. Ukishika mtungi utausikia unapata uvuguvugu, na huo uvuguvugu ndio unaokudanganya: hewa ya moto husukuma zaidi, geji itasoma 4,500, kisha ukikaa kivulini dakika kumi utaikuta imeshuka mamia kadhaa. Mtungi hauvuji. Umepoa tu. Ukijazwa polepole hupoteza kidogo, ukijazwa kwa pupa hupoteza sana. Ukimaliza, funga hewa, toa iliyobaki kwenye hozi, ndipo uchomoe.

Kabla ya kuufunga kwenye bunduki, chukua rangi ya kucha uchore mstari mmoja unaoanzia kwenye regyuleta na kushuka hadi kwenye mtungi. Kazi hiyo ni ya dakika moja na inaokoa maisha. Unapoufungua mtungi kutoka kwenye bunduki, unaweza kudhani unazungusha mtungi pamoja na regyuleta yake, kumbe regyuleta imebaki imenasa kwenye bunduki na mtungi ndio unaojifungua kutoka kwenye regyuleta. Watu wamekufa kwa namna hii, mtungi ukiruka kama kombora. Mstari ukianza kuachana, acha hapohapo, usiendelee hata robo mzunguko, na mwite anayejua. Regyuleta ikinasa, kwanza toa hewa yote kwenye bunduki kwa kufyatua bila gololi ukielekeza mahali salama.

Ukisikia mtungi unapiga mluzi ukishafungwa, mara tisa kati ya kumi ni oringi ya mdomoni, namba 015. Beba nyingine kumi mfukoni, za poliyurethani, kwani za mpira wa kawaida hukatika upesi. Mluzi ukitoka kwenye geji au kwenye matundu ya visahani, hilo si la oringi ya mfukoni. Toa hewa, peleka kwa fundi. Kama hujui unatokea wapi, paka povu la sabuni kama afanyavyo fundi wa baiskeli akitafuta pancha, usubiri mapovu.

Kisha upite kwenye kipima kasi. Viwanja vingi vinataka gololi isizidi futi 280 au 300 kwa sekunde. Ukibadilisha mtungi mwenye regyuleta tofauti, kasi hubadilika, kwa hiyo pima upya hata kama bunduki hukuigusa.

Ningechagua upi mimi

Kama uwanja wako unajaza 4,500 kwa uhakika na unacheza zaidi ya mara moja kwa mwezi, chukua 68/4500 mpya, na regyuleta inayolingana na bunduki yako. Kama uwanja unaishia 3,000, au unacheza mara chache kwa mwaka, chukua 48/3000 ya alumini na usijisikie vibaya. Fedha iliyobaki nunua barakoa nzuri yenye kioo cha tabaka mbili. Kama bado huna uhakika utaendelea na mchezo huu, kodi. Mtungi unaokaa kabatini unazeeka sawasawa na unaotumika.

Kuutunza

Usiuache ndani ya gari lililofungwa juani. Usiumalize hewa yote. Bakiza psi mia kadhaa ili unyevu usiingie ndani. Nipeli iwe na kofia yake, mwili uwe na soksi yake, lakini ivue kila mwezi uangalie. Ukiusafisha, ni kitambaa cha maji na sabuni kidogo, siyo petroli wala tina. Mtungi ukianguka vibaya kwenye zege au jiwe, usijazwe tena mpaka mpimaji auone, hata kama huoni alama yoyote.

Ukisafiri nao kwa ndege, uliza shirika mapema. Marekani, kwa mfano, wakaguzi hawaukubali mpaka regyuleta iwe imetolewa kabisa ili waone ndani ni patupu. Hiyo ni kazi ya fundi kwenda na kurudi, kwa hiyo safari ya mara moja ni afadhali ukodi huko uendako.

Mtungi ukishafika mwisho wa miaka yake, usimpe mtu mwingine. Toa hewa yote, mpelekee fundi wa mitungi auharibu meno yake au autoboe, ili asije mtu akauokota na kuujaza.